Saa 16 bila kula

Mnaoniuliza nimepunguaje: nafunga kula saa 16, nakula ndani ya saa 8. Mlo wa kwanza saa 6 mchana, wa mwisho kabla ya saa 2 usiku. Nje ya hapo ni maji, kahawa chungu au chai ya rangi bila sukari. Basi.

Kazi iko asubuhi. Dada wa vitumbua anapita ofisini saa 4, na harufu ya iliki inafika kabla yake! Mwanzoni kichwa kiliuma na hasira zilikuwa karibu. Siku hizi njaa imeshajua ratiba.

Ukikaa muda mrefu bila kula, insulini hushuka, akiba ya sukari kwenye ini hupungua, mwili ukaanza kutumia mafuta zaidi. Ila si uchawi. Ukifungulia kwa chipsi mayai na soda mbili, mzani hautikisiki. Nadhani mimi kilichonipunguza hasa ni kuacha kula usiku mnene mbele ya runinga. Sahani yangu ya saa 6: ugali kiasi, dagaa, mchicha mwingi.

Na msiseme ni kama Ramadhani. Kule hata maji hapana, tena ni ibada.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge aongee na daktari wake kwanza, sukari inaweza kushuka vibaya. Wajawazito na mnaonyonyesha, nyinyi kuleni.

Suruali saizi 40 zipo, anayezitaka aje achukue.