Makala ipo, lakini haionekani: nilivyosafisha metadata ya jarida letu

Barua pepe ilikuwa na mstari mmoja: "Ndugu Mhariri, makala yangu ipo au haipo?" Nikamjibu upesi kwamba ipo, tena ilitoka mwaka uliopita, nikambandikia na kiungo. Akarudi: kiungo hakifunguki, na akitafuta kwa jina lake haoni kitu. Nikabofya mwenyewe. Kweli, ukurasa haupo.

Tulikuwa tumehamisha tovuti ya jarida miezi kadhaa kabla, na hakuna aliyekumbuka kupeleka anwani mpya Crossref, shirika linalosajili DOI za makala. DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, haijui umehamia wapi; inampeleka msomaji pale ulipoiambia mara ya mwisho. Hilo halikunisumbua. Niliandaa orodha ya DOI na anwani zake mpya, nikaipeleka, viungo vikafunguka.

Kasheshe ilikuwa rekodi yenyewe, yaani metadata: taarifa za makala tulizopeleka Crossref. Kwenye nafasi ya jina la ukoo palijazwa "Prof." na majina yake yote matatu, nafasi ya jina la kwanza ina nukta tu. Mwandishi mwenzake ana é katika jina. Huku imegeuka Ã©. Kurasa 3-11 zilisomeka "3-Nov", kwa sababu data ilipitishwa Excel, na Excel ikiona namba mbili zinazoweza kuwa siku na mwezi, na kistari katikati, inadhani ni tarehe. Marejeleo hayakupelekwa kabisa.

Na PDF ya makala hiyo ilikuwa safi kabisa! Tuliihariri kwa miezi, tukabishana mpaka juu ya mkato mmoja. Halafu zile taarifa zinazoitembeza duniani tukamwachia kijana wa mafunzo kazini azijaze Ijumaa mchana. Simlaumu, maana hata mimi nilikuwa naiona kazi ya kuchapa tu.

Sasa najua. Katalogi nyingi za maktaba na mifumo inayohesabu udondoaji haianzi na PDF yako, inaanza na rekodi. Mtu akikudondoa bila kuweka DOI, mfumo unalinganisha jina la ukoo, jarida, juzuu, ukurasa na mwaka ili kujua ni makala ipi. Ukurasa "3-Nov" utalinganishwa na nini? Tena kwa kutopeleka marejeleo tuliwapunja na wengine: kazi tulizozidondoa sisi hazikuhesabiwa kwamba zimedondolewa.

Rekodi za Crossref ziko wazi kwa yeyote, kwa hiyo nilizishusha za jarida zima na kuzipitia moja moja jioni baada ya jioni. Kusahihisha rekodi iliyokwisha kusajiliwa hakuna ada, ila kuna masharti. Faili langu la kwanza la masahihisho, la XML (muundo wa kupanga data kwa tagi), lilikataliwa, nikahangaika nalo saa nzima nikitafuta tagi iliyokosewa. Kumbe tagi zote zilikuwa sawa. Nilikuwa nimeacha alama ya muda (namba inayoonyesha faili limeandaliwa lini) ileile ya zamani, na mfumo haupokei sahihisho lisilokuwa na alama kubwa kuliko ya rekodi iliyopo.

Kwenye majina niliomba kila mwandishi ORCID yake, namba inayomtambulisha mtafiti mmoja mmoja. Hapo nako nilijikwaa: mmoja alinitumia namba inayoishia na X, nikaifuta nikidhani kidole kimeteleza. ORCID ina nafasi 16, ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 15 za mwanzo, na inaweza kuwa X halali. Taasisi nazo zilikuwa na vituko vyake. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kimeandikwa kwa namna nne tofauti, mojawapo kwa kifupisho ambacho hata mimi sikukijua. Nikaweka kitambulisho cha ROR, orodha ya kimataifa ya taasisi za utafiti, mjadala ukaisha. Ikisiri za matoleo ya zamani sijazigusa bado. Zimo ndani ya picha za kurasa zilizoskaniwa, na macho yangu nayapenda.

Siku hizi kabla makala haijatoka, mwandishi anapokea rekodi yake pamoja na PDF, aisome na kuithibitisha. Kwa zile za zamani nilizosahihisha niliwatumia pia. Wengi walijibu "sawa". Yule wa barua ya kwanza aliandika aya mbili: anashukuru sana, lakini jina lake la ukoo ni lile la katikati, siyo la mwisho kama nilivyomwekea. Nikafungua faili upya, na safari hii nikaanza na alama ya muda.