Sukari chini ya theluji

Jana shemeji kanipeleka Berthoud Pass, njia ya milimani hapa Colorado, Marekani, mita kama 3,450 juu ya bahari. Ni Novemba, theluji hata magotini haijafika, nikajisemea leo hakuna cha kuogopa. Maporomoko ya theluji si mambo ya Januari, ikishajaa?

Shemeji hakubishana. Akatoa sepetu, akachimba upande unaotazama kaskazini mpaka kwenye majani makavu. Juu theluji imeshikamana kama ubao. Nikachota ya chini kiganjani: chenga tupu, zinapita vidoleni kama sukari ya kupimiwa dukani. Nikajaribu kufinya tonge, wapi!

"Hii ya Oktoba, shem." Ardhi bado ina joto lake, juu usiku ni baridi kali, basi mvuke unapanda na kuigeuza ile theluji nyembamba kuwa chenga zisizoshikana. Dhoruba ikija, upepo unarundika tabaka zito juu yake. Ghorofa juu ya mchanga.

Tunarudi, tena tambarare kabisa, theluji ikaguna chini yetu: vumm! Ufa ukakimbia mbele yangu kama hatua kumi. Miguu ikafa ganzi. Shemeji akasema ingekuwa mteremko wa digrii 30 na zaidi, tungeshuka nayo.

Na taarifa ya asubuhi ya maporomoko ya theluji niliisoma mwenyewe: hatari ngazi ya 3 kati ya 5. Nikaichukulia kama alama ya C ya mtihani, yaani umefaulu! Dada hajaambiwa habari ya ufa, naomba msimtag.