Karatasi mbili mezani: nilivyomchagulia binti yangu mtaala

Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yakitoka, kina mama huja dukani kwangu Ngamiani, Tanga, kutafuta uzi na vifungo vya sare, na kabla hawajalipa huniuliza jambo jingine: "Wewe wako ulimpeleka NECTA au Cambridge?" Yaani mtaala wa taifa, wenye mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania, au ule wa Uingereza. Nimelijibu swali hili mara nyingi, nikiwa na wateja na nikiwa sina. Leo naliandika, kwa sababu ushauri niliopewa mimi ulinipotezea pesa na ukampotezea mwanangu muhula mzima, na bado nausikia unatolewa vilevile.

Binti yangu alimaliza darasa la saba Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali, Makorora. Alifaulu, akapangiwa shule ya kata. Kaka yangu mkubwa anaishi Muscat, na habari zilipomfika alipiga simu usiku uleule. "Mdogo wangu, mtoto huyu usimpoteze. Cheti cha NECTA ukishavuka mpaka wa Horohoro hakitambuliki. Mtafutie intanesheno, ada nitasaidia." Na kwetu mjomba akishalisemea jambo la mpwa wake, si rahisi mtu kulipinga.

Wifi yangu naye alikuja na lake: nikimpeleka Cambridge, vyuo vikuu vya hapa nchini havitampokea, nitabaki na mtoto wa watu wa nje.

Wote wawili walisema kwa uhakika, na wote wawili walikosea. Watoto wa hapa hapa Tanga wameondoka na vyeti vya NECTA kwenda kusoma India, China na Uturuki. Na aliyefanya mitihani ya Cambridge hupeleka matokeo yake Baraza la Mitihani yakalinganishwa na ya kwetu, kisha anaomba kidato cha tano au chuo kama wenzake. Lakini mimi wakati ule sikuyajua hayo. Nilimsikiliza kaka kwa sababu ndiye mwenye pesa.

Nikapata shule ya bweni nje ya mkoa wetu. Jina silitaji. Kwenye kibao cha getini neno la kimataifa limeandikwa kubwa kuliko jina la shule yenyewe, na mimi lile neno lilinitosha. Nililipa milioni mbili na ushee kwa muhula wa kwanza, pamoja na godoro, shuka na sare. Sare yenyewe ilikuwa koti zito lenye bitana, tai na sweta. Mimi nauza vifaa vya cherehani, koti nalijua kwa kulishika tu, na lile lilikuwa la mtu wa Lushoto mwezi wa saba. Februari nilipokwenda kumtembelea, nilimkuta ana vipele vya joto kuanzia shingoni mpaka kwenye mabega. Nikamvua koti, tukakaa chini ya mwembe, nikamwambia alete madaftari yake yote.

Hapo ndipo nilipoamka. Majalada yalikuwa mazuri, yamechorwa dunia. Ndani, somo la Civics, mada ya kwanza ilikuwa taifa letu: bendera, mwenge, nembo, wimbo wa taifa. Mtoto wa jirani yangu yuko shule ya kata, naye ana mada hiyohiyo, kwa mpangilio uleule. Nikafungua Biolojia, Historia, kote ni mtaala wa taifa. Sikuona ubaya wa mtaala wa taifa. Ubaya niliouona ni kwamba nilikuwa nimeuziwa kitu kingine.

Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma. Nikamsalimu kwa adabu, nikamuuliza, "Mwalimu, kidato cha pili mwanangu atafanya mtihani gani?" Akajibu, "Wa taifa, mama." Nikamuuliza, "Na Cambridge?" Akasema taratibu zinaendelea. Nikaomba namba yao ya kituo cha mtihani cha Cambridge. Hakuwa nayo. Akanieleza kwamba kimataifa maana yake wanafundisha kwa Kiingereza na wana mabasi mazuri.

Kwa hiyo mama mwenzangu, usiulize shule kama ni ya kimataifa. Uliza mtoto atakalia mtihani wa nani, na uombe namba ya kituo. Shule yenye Cambridge ya kweli ina namba, na tovuti ya Cambridge yenyewe ina sehemu ya kutafuta shule kwa nchi na mji. Ya NECTA nayo ina namba yake, na matokeo yake hutangazwa hadharani kila mwaka, shule kwa shule. Angalia ya miaka mitatu minne nyuma, usiangalie bango la mwaka mmoja waliofanya vizuri.

Nilirudi Tanga nimenyong'onyea. Kabla sijaamua la kufanya, shule zote nchini zikafungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, binti akarudi nyumbani na sanduku lake. Ndipo nikapata nafasi ya kufanya nililopaswa kulifanya tangu mwanzo.

Jirani yetu kule Chumbageni ni mwalimu mstaafu, sisi tunamwita Babu Mwalimu. Nilimwendea nikamweleza yote. Akanituma steshenari nikachapishe karatasi mbili za sayansi kutoka intaneti: moja ya darasa la saba ya NECTA, nyingine ya Cambridge ya watoto wanaomaliza msingi. "Mkalishe Jumamosi mbili," akasema, "na wewe ukae naye. Usimsaidie, mwangalie tu."

Jumamosi ya kwanza nilimpa ya NECTA. Akaichukua, akachonga penseli, akaanza kusiliba. Hakuinua kichwa. Alimaliza kabla wali haujaiva, na alikosa machache sana.

Jumamosi ya pili nikamwekea ya Cambridge. Ukurasa wa kwanza ulimla nusu saa. Alikuwa anasoma swali, anarudi mwanzo, anasoma tena, na kidole chake kinafuata maneno. Swali moja lilimhusu mwanafunzi anayepima muda wa sukari kuyeyuka kwenye maji. Kapima mara tatu badala ya mara moja, eleza kwa nini. Binti akaliacha wazi. Akaliacha na la pili, na la tatu. Machozi yakaanza kumlengalenga, akasema, "Mama, mimi sina akili za huku."

Neno lile liliniuma. Nikamwita Babu Mwalimu, akaja na kofia yake, akaipokea shikamoo ya binti, akaitazama karatasi. Hakusema kitu. Akamsomea lile swali la sukari kwa Kiswahili, taratibu, kama anasimulia. Binti hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Si kama dukani, Babu? Fundi hapimi kitambaa mara moja akakata. Futi inaweza kulegea, au mkono ukavuta. Akipima mara tatu ndiyo anaona ipi imemdanganya." Babu akamsomea jingine, akajibu. Likaja la kivuli na jua, akajibu, tena akatoka nje akaonyesha kwa mti wa mkungu.

Babu Mwalimu akavua miwani, akanigeukia. "Mwanangu, wewe Jumamosi hii hukumpima sayansi. Umempima Kiingereza."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Kwa sababu sekondari ya mtaala wa taifa nayo hufundishwa kwa Kiingereza, kuanzia kidato cha kwanza. Mtoto aliyetoka msingi ya Kiswahili atakutana na ukuta huo popote utakapompeleka. Tofauti ni kwamba shule ya kata anaukuta pamoja na wenzake wote, na mwalimu anajua, wakati kule Cambridge anaukuta peke yake, darasa zima limeshaupita.

Nikaanza kupiga simu. Shule moja ya Dar yenye Cambridge ya kweli waliniambia ukweli, na ninawashukuru: kwa Kiingereza alichonacho wangemwanzisha mwaka wa saba wa mfumo wao. Nikahesabu kwa vidole. Mitatu ya sekondari ya chini, miwili ya IGCSE, yaani mtihani wao ulio kama wa kidato cha nne, miwili ya A level, iliyo kama kidato cha tano na sita, jumla miaka 7. Mtaala wa taifa ni minne na miwili, jumla 6, na mimi nilikuwa nimeshakaa naye msingi miaka 7. Ada wakati ule ilitajwa kwa dola. Dola ilikuwa kama shilingi 2,300, na ikipanda, ada ilikupandia hata kama shule haijagusa bei. Mitihani ya IGCSE nayo hulipiwa somo kwa somo, hilo katika ada hulioni.

Nikampigia kaka. Hili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Nikamwambia, "Kaka, Cambridge unaiweza miaka saba bila kukatika?" Akakaa kimya. Mkataba wake wa kazi ulikuwa wa miaka miwili miwili. Kukatika katikati ndiko kunakoua. Mtoto akitoka Cambridge mwaka wa tisa akataka kuingia kidato cha tatu, atakuwa hana mtihani wa taifa wa kidato cha pili, ana pengo la Kiswahili na Uraia, na muhula wa huko huanza Agosti au Septemba wakati wa kwetu huanza Januari. Mwaka mmoja unaweza kupotea hivihivi. Mtaala wowote ule, uchague kama una uwezo wa kumfikisha mwanao mwisho wake.

Kuna rafiki yangu wa Raskazone, mumewe mhandisi, leo yuko Tanga, kesho Maputo, keshokutwa Uarabuni. Yeye watoto wake wako Cambridge na amefanya sawasawa kabisa, maana popote anapohamia mtoto anafungua kitabu kilekile. Kiswahili pia amewachagulia kama somo kwenye IGCSE, jambo ambalo wazazi wengi hawajui kwamba lipo. Familia yake inahama. Yangu haihami, iko Tanga na duka la uzi.

Shule zilipofunguliwa Juni 29, 2020, binti aliripoti shule ya kata. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne serikali iliiondoa tangu 2016, kwa hiyo kaka nilimwomba pesa kidogo tu, mwalimu wa Kiingereza siku tatu kwa wiki. Na jioni nilikuwa na utaratibu wangu: anasoma ukurasa wa Biolojia kwa Kiingereza kwa sauti, kisha anamweleza bibi yake kwa Kiswahili. Bibi akisema hajaelewa, anarudia. Bibi alikuwa mkali, hakubali kitu nusunusu. Mpaka leo bibi yule atakueleza kazi ya figo.

Wenye watoto wadogo sasa hivi, yangu msiyachukue yote, kwa sababu mtaala ulioboreshwa umeanza Januari 2024 na unaipunguza shule ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6. Hesabu ya miaka yenu fanyeni upya.

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka Januari 2024. Daraja la kwanza, pointi 14, Biolojia A. Nililia dukani mbele ya wateja na sikujali. Nikampigia kaka Muscat nikamsomea herufi moja moja, somo kwa somo. Alinyamaza kwa muda, nikasikia anapumua. Kisha akauliza, "CBG ataipata?" Yaani Kemia, Biolojia na Jiografia za kidato cha tano. Nikamwambia ataipata. Akasema, "Fomu ya kujiunga ikitoka nitumie." Ilipotoka nikampigia picha: godoro, ndoo mbili, jembe, fagio la chelewa, viatu vyeusi vya kamba. Pesa iliingia kabla ya adhuhuri.