Mzee wangu na mashine yake ya usiku

Mzee alipoletewa mashine ya CPAP, ile inayompulizia mtu hewa kupitia maski akiwa amelala ili pumzi isikatike, aliivaa siku mbili tu, ya tatu nikaikuta kabatini. Niliumia, maana mama alikuwa halali, anamsikiliza anakoroma, halafu kimyaaa, pumzi imekata, halafu anashtuka kama mtu aliyekuwa anazama. Nilipokaa nae akaniambia mwanangu, lile dude linanikausha koo, na nikifunga mikanda naona kama nakabwa.

Kumbe yote hayo yana dawa. Koo tukawasha kile kisehemu cha maji kinachotia unyevu kwenye hewa, upepo tukaomba usetiwe uanze mdogomdogo, uongezeke akishasinzia. Maski ndo ilikuwa kazi, ile ya kufunika pua na mdomo ilikuwa kubwa kwake inavuja pembeni, tukabadilisha tukachukua ya pua tu. Na kuhusu kukabwa tukamwambia avae mchana, amekaa sebuleni anaangalia taarifa ya habari, dakika kumi leo, kesho ishirini, mwili uzoee kwanza.

Marekani bima ya serikali ya Medicare, ili iendelee kulipia mashine, inataka mgonjwa afikishe masaa 4 kwa usiku, kwa asilimia 70 ya siku ndani ya siku 30. Sisi tulianza na masaa mawili na nikampongeza kabisa, kwasababu wagonjwa wengi wanaambiwa "vaa" basi, hakuna anayewauliza kinachowasumbua, na hili linaniuma sana.

Juzi mama kanipigia, anasema kalala mpaka adhana ya alfajiri.