Kwenda Oxford kumwona Henry Briggs

London nilifika kwa mahafali ya mdogo wangu, na hayo sitayasimulia. Ninayotaka kusimulia ni ile Jumamosi niliyokwenda Oxford kutafuta kaburi la Henry Briggs, mtu ambaye kazi yake naishika mikononi kila mwaka ninapofundisha logi, zile namba za jedwali zinazotuwezesha kuzidisha kwa kujumlisha, kidato cha pili, Morogoro.

Nianze na nauli. Tiketi ya treni, kwenda na kurudi, ilikula pesa ambayo nyumbani ingenifikisha Mwanza na kunirudisha, tena nikila kuku njiani. Treni yenyewe ikaishia Reading. Tukatangaziwa kwamba reli inatengenezwa, tushuke, mabasi yapo nje. Huko nje mvua, foleni, na basi la kwanza likajaa nikiliangalia. Hakuna aliyezungumzia kurudisha hata senti. Nikanunua chai kibandani, maji ya moto na kifuko cha majani, kwa bei ambayo mama ntilie wetu angenilisha wali maharage siku tatu. Nilikasirika kweli.

Basi la pili nilikaa na mzee mmoja mwenye koti lililolowa. Akaniuliza naelekea wapi. Nilipomtajia Briggs, akanigeukia mwili mzima.

"Briggs wa logi?"

"Huyo huyo, mzee."

Alikuwa mhandisi mstaafu wa madaraja, na ujana wake wote alikokotoa kwa majedwali. Akanitazama kama mtahini. "Logi ya mbili?"

"Nukta tatu sifuri moja sifuri."

"Ya saba?"

"Nukta nane nne tano moja."

Akapiga goti lake kwa furaha. Kisha akaandika kwa kidole kwenye kioo cha dirisha kilichojaa ukungu: 0.30102999566398. Akasema hiyo ndiyo logi ya mbili ya Briggs mwenyewe, tarakimu 14 baada ya nukta. Sisi tunatumia nne na bado wanafunzi wanalalamika.

Kuanzia hapo sikuiona tena mvua. Tulizungumza njia nzima. John Napier, bwana wa Merchiston kule Edinburgh, Uskoti, alichapisha logi zake mwaka 1614, lakini hazikuwa hizi zetu. Briggs, aliyekuwa profesa wa jiometri Gresham College, London, alizisoma akapagawa. Aliona kwamba logi ya moja ikiwa sifuri na ya kumi ikiwa moja, basi 2, 20 na 2,000 zitakuwa na desimali zilezile, na tarakimu ya mbele tu ndiyo itakayobadilika. Ndiyo maana jedwali letu linaenea katika kurasa chache. Mwaka 1615 alifunga safari ya zaidi ya kilomita 600 kwenda kumwona Napier, enzi za farasi na matope. Inasimuliwa kwamba Napier alishakata tamaa ya kumwona mgeni wake, mara mlango ukagongwa, na wawili hao wakatazamana karibu robo saa bila neno. Napier naye alikuwa ameshafikiria kuzibadili logi zake. Wakakubaliana, na Briggs akaubeba mzigo wa kukokotoa.

Na mzigo wenyewe! Alichukua kumi, akatafuta kipeuo chake cha pili, kisha kipeuo cha jibu, kisha cha jibu hilo, mara 54, kwa kalamu, mpaka akaikaribia moja kwa unywele. Kwa njia za namna hiyo alitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1624: logi za namba 30,000, kuanzia 1 hadi 20,000, na 90,000 hadi 100,000. Pengo la katikati alilijaza Adriaan Vlacq, Mholanzi, mwaka 1628, kwa desimali kumi.

Oxford nilishuka nikaagana na mzee. Mji ni mzuri, wengi wameshausifu.

Kanisa la Merton College lina minara ya kumbukumbu ya wakubwa. Thomas Bodley, mwenye maktaba, yumo na sanamu zake za kuchongwa. Henry Savile, aliyeanzisha kiti cha uprofesa wa jiometri hapo Oxford mwaka 1619, naye amepambwa. Savile ndiye aliyemchagua Briggs. Mihadhara ya Savile mwenyewe juu ya Euclid, bingwa wa jiometri wa Ugiriki ya kale, iliishia kanuni ya nane, na Briggs akaanzia ya tisa. Lakini Briggs mwenyewe, aliyefariki chuoni hapo, amewekewa jiwe sahili na jina lake kwa Kilatini: Henricus Briggius. Basi. Hakuna sifa, hakuna hata namba moja.

Iliniuma. Nilimkumbuka mwalimu wangu wa hesabu, aliyekuwa akitushika vidole na kutuongoza kwenye safu za jedwali, darasa la watu wengi na vitabu viwili. Kwa mikono ya walimu kama yeye kazi ya Briggs imewafikia watoto wasiojua Oxford iko upande gani wa dunia, na wanazidisha namba kubwa kwa kujumlisha tu, bila umeme, bila betri.

Shule ikifunguliwa, kabla sijagawa majedwali, nitawataka waanze na kumi: kipeuo cha pili, kwa mkono, mara tatu mfululizo, desimali sita. Halafu nitawaambia kuna mtu alifika mara ya 54, nami nitaliandika jina lake ubaoni.