Jipsam kwenye stadi za bati: angalia mdomo uko wapi

Mshikaji wangu kashuka besimenti akakuta stadi za bati, zile nguzo nyembamba za ukuta, zimesimama, akaanza, kaka mbona hujaweka mbao kama huko juu? Nikamwambia hapa Minnesota hicho chumba kiko chini ya ardhi, ukuta ni zege na nyuma yake udongo, unyevu hauishi, mbao zinapinda zinaota ukungu ila hizi za bati zimepakwa zinki wala hazipindi. Halafu ni nyepesi, unabeba rundo begani unashuka nazo ngazi. Kazi iko kwenye kufunga jipsam, zile bodi za kufunikia stadi.

Skrubu kwanza. Zile za mbao zina meno yaliyoachana, achana nazo, chukua za meno ya karibukaribu, inchi 1 na robo inatosha kwa bodi ya nusu inchi. Bati la geji 25 ndo jembamba (ndio, namba ikipanda unene unashuka, usiniulize mimi), geji 20 ni gumu zaidi, hapo tafuta zenye ncha ya drili la sivyo itazunguka wee mpaka ipate moto.

Sasa kitu ambacho wengi hawaambiwi. Stadi ina umbo la herufi C, upande mmoja mgongo, upande wa pili mdomo wazi, na bodi mbili zinakutana katikati ya uso wake ambao ni mwembamba sana. Bodi ya kwanza lazima ikae upande wa mdomo, ukishaifunga pale bati linatulia, afu ya pili inakuja upande wa mgongo zinalala sawa kabisa. Ukigeuza, skrubu ya bodi ya pili inausukuma ule mdomo unarudi nyuma na maungio yanabaki na ngazi, bodi moja imeinuka kuliko mwenzake, utapaka puti mpaka uchoke na taa ikiwaka bado inaonekana. Kwa hiyo unaposimamisha stadi, midomo yote iangalie kona utakayoanzia.

Kwenye drili ni spidi kubwa na mkono mwepesi, ukikandamiza bati linakukimbia, mtu wa pili alishike kwa nyuma kama anafikia. Ncha ikitoboa utasikia sauti inabadilika, achia pale kichwa kinapozama kidogo bila kuchana karatasi, ikichanika hiyo skrubu haishiki kitu, piga nyingine pembeni. Ukutani piga skrubu kila inchi 16, darini kila inchi 12. Chini acha nusu inchi bodi isiguse sakafu maana jipsam inanyonya maji.

Kama unataka kutundika TV weka plaiwudi katikati ya stadi kabla ya kufunga, bati tupu la geji 25 halibebi. Na waya za umeme zipite kwenye pete za plastiki, matundu ya stadi yana makali, halafu subiri mkaguzi wa jiji aje azione kwanza, akikuta umeshafunika anaweza kukwambia ubomoe.