Siku yangu moja Sabasaba, miaka 50 ya Uhuru na bendera yenye bluu

Hii ni ya Disemba 2011, nimeikumbuka juzi nilipofukua begi la zamani nikakuta tisheti imeandikwa Tumethubutu, Tumeweza na Tunazidi Kusonga Mbele. Kauli mbiu ya mwaka ule.

Saa 11 alfajiri nishaamka, Mbagala hiyo jamani, ukizubaa kidogo daladala unaingilia dirishani. Nilipata kibarua cha wiki moja kwenye banda la ofisi moja (siitaji), kazi kugawa vipeperushi, kufuta vumbi na kuelekeza watu choo kiko wapi, na hiyo ya choo ndo ilikuwa kazi yenyewe.

Saa 1 na nusu nashuka Sabasaba, viwanja vya maonesho vya Dar. Mliozoea kwenda Julai kununua masufuria, safari hii ilikuwa tofauti, wizara na taasisi kila mmoja na banda lake anaonesha miaka 50 kafanya nini, picha za zamani, mabango kibao.

Saa 3 wanafunzi wakamwagika, soksi nyeupe zishakuwa za kahawia. Bango hawasomi, wanakusanya vipeperushi tu halafu wanahesabiana nani anavyo vingi.

Saa 4 na nusu akaja mzee mmoja, baraghashia na mkongojo, akasimama mbele ya bango letu kubwa anafuata mistari kwa kidole. Kimyaa. Mara, "Mjukuu wangu, hii bendera mmeitoa wapi?" Nikamjibu kwa kujiamini, ndo bendera yetu babu. "Ya leo hiyo. Mimi nilikuwepo usiku ule," akaelekeza mkongojo upande wa Shamba la Bibi (Uwanja wa Uhuru), "iliyopanda haikuwa na bluu."

Naangalia, kweli bwana. Maandishi 9 Desemba 1961, juu yake bendera ya mshazari yenye bluu, ambayo imekuja 1964 baada ya kuungana na Zanzibar! Ya Tanganyika ilikuwa kijani, katikati mstari mweusi umelala, pembeni yake njano mbili nyembamba. Aliyechora katoa picha mtandaoni akabandika, na sisi sote tumepita hapo siku zote hizo hakuna aliyeona. Babu hajamaliza, "Na hii Uhuru wa Tanzania Bara ndo nini? Mie nimezaliwa Tanganyika." Nikamwambia babu hilo liko juu ya uwezo wangu, hata mabango ya barabarani yameandikwa hivyo hivyo. Akacheka mpaka akakohoa.

Saa 5 namwambia msimamizi, akashika kichwa, maana saa 8 kuna mkubwa anapita. Kuchapisha upya haiwezekani. Nikatoka na jua lile kutafuta manila ya kijani, nikaipata ila kijani chake kimekolea kama mgomba. Nyeusi nikaazima selotepu ya umeme kwa fundi wa banda la jirani. Njano hakuna kabisa, tukakata faili la njano la ofisi, karatasi zake zikabaki zimelala mezani. Nimekaa chini nakata kwa wembe, jasho linadondokea manila, nikikosea nusu sentimita mstari unapinda, na mmoja ulipinda kweli.

Saa 8 mkubwa hajaja. Saa 9 hajaja. Kaja saa 10, dakika mbili tu, kauliza kama maji ya kunywa yapo, kaondoka. Muda wote nimeegemea bango kwa mgongo maana joto lilishaanza kubandua kona.

Saa 11 jioni babu huyo tena, kaja na wazee wenzie wawili! Wakasogea karibu kabisa, mmoja akagusa ile njano iliyopinda. "Aliyeshona hii alikuwa na haraka," akasema. Nikanyamaza.

Saa 2 usiku nimesimama kwenye daladala, gundi imekauka vidoleni hata nauli haitoki mkononi. Na yule fundi umeme, selotepu yake ananidai mpaka leo.